Saa ya Ng'ambo ya Ruvuma

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasani na chaki nne mfukoni, andalio la somo la kurasa tano, na viatu vilivyokwisha kujaa vumbi la Masasi. Nilikuwa nimetoka Singida, safari ya siku tatu, na sikumjua mtu. Mkuu wa chuo kile cha ualimu, mzee wa kaunda suti ya kijivu, aliketi nyuma kabisa akanisikiliza kipindi kizima bila kukohoa. Nilipomaliza hakunisifu wala hakunikosoa.

"Mwalimu," aliniuliza, "yule dada wa karibu na dirisha ameelewa?"

"Nadhani ameelewa, Mzee."

"Usidhani. Kamuulize."

Nilikwenda. Hakuwa ameelewa.

Ninyi walimu vijana mnaosoma haya mmezoea kubonyeza kitufe na karatasi ikatoka. Sisi tulikuwa na stensili, karatasi laini iliyopakwa nta. Uliipiga taipu bila utepe wa wino, herufi zikaitoboa, kisha ukaivisha kwenye pipa la mashine na kuzungusha mkono hadi bega likawaka moto. Kila nakala ilitoka ikiwa na unyevu na harufu kali, na wanachuo waliinusa kabla ya kuisoma. Ukikosea neno ulilipaka rangi nyekundu, ukasubiri likauke, ukaanza upya. Kwa hiyo tulifikiri sana kabla ya kuandika.

Tulifundisha pia somo la zana, yaani vifaa ambavyo mwalimu hutumia ili somo lionekane na kushikika. Sehemu za ua tulizichonga kwa ndala zilizokatika. Kuhesabu tulitumia korosho ghafi, tukijua kwamba baadhi zingeishia motoni. Mkaguzi mmoja wa kanda, mwanamke mwenye sauti ya kengele, aliingia siku moja akaikuta meza yangu imepambwa kwa zana nilizozifunika nailoni zisichafuke. Alizitazama, akanitazama. "Zana isiyoguswa na mwanafunzi ni pambo," akasema. "Pambo lipeleke nyumbani kwako." Niliifunua meza mbele yake, huku wanachuo wakibana vicheko.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa Newala, kwenye chuo kidogo, nikiwa Mkuu wa Taaluma. Huyo ndiye mwenye ratiba, mitihani, na alama za mazoezi, zile zinazokusanywa kidogo kidogo kabla ya mtihani wa mwisho. Newala iko juu, pembeni kabisa mwa uwanda. Asubuhi ukungu hukaa barabarani kama mgeni asiyetaka kuaga, na ukitembea dakika chache ardhi inakatika ghafla, unaona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji ya bluu. Nilikupenda kule tangu siku ya kwanza, ingawa maji tulipanga foleni, na wanachuo walisoma hivyo hivyo, mkono mmoja umeshika daftari, mwingine umeshika ndoo.

Kompyuta zilipofika, nilizipokea kwa mikono miwili. Nilizishonea vitambaa vya kuzifunika. Saa tisa alasiri nilifunga chumba na funguo nikaenda nayo nyumbani, kwa sababu ya vumbi. Pamoja nazo ulikuja mfumo, ukurasa wa mtandaoni ambako mwanachuo hutuma kazi yake, na saa ikifika unajifunga wenyewe. Kanuni niliiandika mimi. Mwisho ni saa kumi na mbili jioni, na aliyekosa kazi tatu hakai mtihani wa mwisho. Niliona raha ya ajabu. Hakuna tena karatasi kupotea, hakuna tena kubembelezwa mlangoni.

Mkuu wa Chuo wa wakati ule, kijana kuliko mimi, mcheshi, alikuwa na msemo wake: "Mfumo hauna mjomba." Huku kwetu mjomba ndiye anayekusemea. Ukioa yupo, ukigombana yupo, ukiharibu anakwenda kuomba radhi. Wote ofisini tulicheka.

Mwanachuo wa kwanza kuangukiwa na kanuni ile alikuwa Swalehe, kijana mpole wa mwaka wa pili. Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi.

"Madam, nilituma mapema. Naapa."

"Mfumo unasema ulichelewa, mara zote tatu."

"Mfumo unakosea, Madam."

"Mfumo hauna mjomba, Swalehe."

Aliondoka na godoro lake nyuma ya bodaboda. Sikulala vibaya usiku ule, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Somoe. Huyu alikuwa binti wa kutoka Makote, mwembamba, mwenye ulimi. Kufundisha alizaliwa nako. Nilimwona kwenye mazoezi ya kufundisha akiwanyamazisha watoto sabini kwa kushusha tu sauti yake. Tayari alikuwa na kazi mbili zilizoandikwa "muda umekwisha." Ya tatu mwisho wake ulikuwa siku ya Alhamisi, na Ijumaa kilikuwa kikao cha kupitisha majina ya watahiniwa. Alhamisi alasiri alinijia.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umeshatuma?"

"Sijatuma. Leo natuma mbele yako."

"Tuma basi."

"Bwenini simu inapiga tu, intaneti haikamati, Madam. Na kompyuta umezifungia. Sisi tunakwenda kutuma kule kwenye ukingo. Twende."

"Niende kule na miguu hii?"

"Madam, bibi yangu ana miaka themanini anateremka bondeni kulima. Twende."

Basi nikaenda, nikinung'unika. Tulipofika kwenye ukingo niliwakuta wanachuo wengine sita wameketi juu ya mawe, simu wameziinua kama watu wanaokinga mvua. Waliponiona waliinuka wote. Mmoja akanong'ona, "Leo Taaluma imetufuata hadi shambani."

Somoe akafungua simu yake. "Ona, Madam. Saa kumi na dakika tano. Wenzangu wananiambia fanya haraka, mimi nasema kuna muda, nasoma tena kazi yangu nisahihishe. Kila siku nafanya hivyo. Saa kumi na moja na nusu natuma, nakataliwa."

Nikatazama saa yangu ya mkono. Ilisoma saa kumi na moja na dakika tano.

Nilidhani saa yangu imeharibika. Nikamwuliza kijana wa pembeni, naye simu yake ikasema kama ya Somoe. Wa tatu, simu yake ikasema kama saa yangu. Kisha, tukiwa tumesimama vile, simu yangu mwenyewe ikatetemeka mfukoni. Ujumbe ulinikaribisha Msumbiji. Nikatazama juu ya kioo, na saa moja nzima ilikuwa imerudi nyuma.

Mnara wa ng'ambo ya mto ulikuwa na nguvu kuliko wa kwetu. Simu zikifika ukingoni ziliukamata ule, na pamoja nao zikaichukua saa ya Msumbiji, iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja kamili. Ukirudi chuoni inajirekebisha, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Waliosalimika ni wale wenye haraka. Waliosoma kazi yao mara mbili ndio tuliowaadhibu.

"Tuma," nilimwambia Somoe. "Tuma sasa hivi!"

Alituma. Ikapokelewa. Lakini zile mbili za nyuma zilibaki, na kwenye kikao Mkuu wa Chuo alisema kwa upole kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba yeyote anaweza kuja na hadithi ya minara. Nilisimama. Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu, na katika utumishi wangu wote sikuwa nimewahi kusema neno hili kikaoni.

"Nilikosea mimi," nikasema. "Chumba nilifunga mimi, kanuni niliandika mimi. Twendeni wote ukingoni na saa za mkono. Nikiwa mwongo, mnipe barua ya onyo."

Walikwenda. Mkuu wa Chuo alisimama pale na simu yake mkononi, akatikisa kichwa, akacheka mwenyewe. "Kumbe mfumo una mjomba," akasema. "Yuko Msumbiji." Jina la Somoe likapita, na kazi zake mbili nilizisahihisha upya. Moja ilikuwa bora kuliko zote darasani.

Jumatatu niliwaita wanachuo wote bwaloni nikawauliza jambo ambalo hakuna aliyewauliza tangu kompyuta zifike. Mnataka vyombo hivi viwasaidieje kusoma? Nilijiandaa kusikia maombi ya vishikwambi vipya.

"Madam, kwanza tupe funguo," alisema mmoja, bwalo likaripuka kwa kicheko.

"Projekta isisome peke yake. Mwalimu anageukia ukutani, anatusomea maandishi. Kusoma tunajua. Tueleze."

"Ujumbe wa sauti, Madam. Mfupi. Dakika tano za somo la leo. Foleni ya maji huchukua saa mbili, mimi nikisikiliza nikiwa kwenye foleni nimesoma."

"Picha za video hazifunguki huku. Tuwekeeni kwenye kompyuta ya chuo, tuchukue hapa hapa."

Somoe alisubiri wote wamalize. "Na mkitaka kutupima kwa mashine," akasema, "mjue kwanza tunapoishi."

Niliandika yote. Funguo nilimkabidhi kiranja, vitambaa nikavitoa, na hakuna kompyuta iliyokufa kwa vumbi. Mwisho wa kutuma kazi tukausogeza hadi asubuhi, mtu atume akiwa chuoni, ametulia. Mimi mwenyewe nilijifunza kurekodi. Mara ya kwanza jogoo wa jirani aliingia mwishoni mwa somo la saikolojia, na wiki nzima wanachuo walinisalimu kwa kuwika. Sikukasirika. Nilijua wamelisikiliza somo hadi mwisho.

Somoe alipokuja kuniaga baada ya mtihani, sikupata shukrani nilizozitarajia. Aliniuliza tu, "Madam, na Swalehe je?"

Nilimtafuta. Barua ya chuo ya kumrudisha niliibeba mwenyewe, nikateremka nayo Masasi wiki ya kwanza ya kustaafu kwangu. Nilimkuta mtaa wa Mkomaindo, kwenye kibanda cha fundi simu, amevaa miwani ya kukuza, meza imejaa simu zilizofunguliwa tumbo. Alinipa kiti. Alinipa maji ya kunywa. Nilimweleza habari ya mnara, na nikamwomba radhi kwa maneno machache, maana mengi yangekuwa ya kujitetea.

Aliiweka bisibisi mezani. "Kwa hiyo sikuchelewa," akasema.

"Hukuchelewa."

"Mama yangu nilimwambia nilichelewa. Ilikuwa rahisi kueleza." Akaisoma barua, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. "Leo jioni nitamsomea. Kurudi, Madam, sijui. Kazi hii naipenda. Nina wanafunzi wawili hapa, nawafundisha."

Niliwaona, wameinama juu ya simu moja, mmoja ameshika, mwingine anaeleza.

"Basi umekuwa mwalimu," nikasema.

"Bila cheti," akajibu, na tukacheka, yeye zaidi yangu.

Walimu vijana huniuliza kama nimeridhika. Nimeridhika, kwa sehemu kubwa. Nilifundisha watu wengi, wakafundisha wengine. Lakini siku ile, kabla sijaaga, Swalehe alinyoosha mkono. "Nipe simu yako, Madam." Akaingia mahali nisipopajua, akazima kitu kimoja, akanirudishia. Sasa nikipanda Newala kuwaona rafiki zangu na nikasimama ukingoni, Msumbiji hunikaribisha kama kawaida, lakini saa yangu haibadiliki.