Nilivyoishusha kodiani toka juu ya kabati, mpaka sekyuriti wa Joburg akatunza taarab

Wakuu, heshima kwenu. Nasimulia kama ilivyokuwa. Nikitia chumvi, jamaa zangu wa mtaa wa Bellevue, hapa Joburg, wamo humu humu, wataniumbua.

Mimi mtu wa Tanga. Nyumbani nilikuwa napiga kodiani kwenye kikundi cha taarab, ile ya zamani. Nilipokuja Joburg kutafuta maisha, kodiani ikapanda juu ya kabati. Mke wangu akaanza kuirundikia mablanketi.

2012 jirani yangu Nestor, Mrundi anayepiga gitaa kanisani, akaniambia kuna festival ya muziki wa asili Desemba. Desemba huku ndiyo summer, jua linachoma kweli.

Tukaomba kupiga, waandaaji wakatupa nafasi ya mchana na kutuambia wazi: watu wakiondoka, mwakani msije.

Nikaishusha kodiani. Vidole vizito! Mazoezi ya kwanza Nestor alicheka mpaka akakaa chini. Sikumlaumu, kodiani ilikuwa inalia kama mlango mbovu.

Mwimbaji tukampata Hillbrow. Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari anayeuza maandazi, hajashika maiki tangu aje huku. Akakubali kwa sharti moja.

"Mwanangu, mie nisipotunzwa nashuka. Sibembelezi watu."

Kwa nyie wa bongo fleva: kwenye taarab, ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, unamtunza noti. Asiyetunzwa anajua hajapendwa.

Siku ikafika. Ubeti wa kwanza tu, kina mama wetu wa Kiswahili waliokuja kutusikiliza wakainuka na noti mkononi.

Eish! Sekyuriti, jibaba la miraba minne, akawazuia. Hakuna kupanda steji. Alidhani wanavamia.

Bi Zuhura haoni vizuri mbali. Alichojua yeye ni kwamba hakuna anayekuja. Ubeti wa pili sauti ikapungua, nikamwona anashusha maiki. Akishuka yeye, tumekwisha sote.

Sikuacha kupiga. Nikarudia kile kipande cha katikati, nikakirudia tena, huku nasogea mpaka ukingoni mwa steji, nikampigia sekyuriti usoni kabisa.

Nilichokuwa sijui: jamaa ni Msotho, na kwao Lesotho kodiani ni muziki wa nyumbani. Uso ukamlegea. Buti likaanza kugonga chini.

"Hawa mama wanataka nini?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Wanampa zawadi mwimbaji. Ukiwazuia, anaacha kuimba!"

Akafungua njia. Kisha, wallahi, akavua kofia, akatoa noti yake mfukoni, akapanda wa kwanza. Akamtunza Bi Zuhura kwa mikono miwili.

Hapo ndipo mama alipoimba sasa!

Wazulu, Wakongo, Wazungu, wote wakapanga foleni na noti, hata mwandaaji mwenyewe. Nililia huku napiga, siwafichi. Hakuna aliyeondoka.

Mwaka uliofuata tuliitwa tena, na safari hiyo tukafunga festival sisi. Yule Msotho aliomba zamu ya kulinda steji yetu.

Funzo langu: nilidhani muziki wetu huku hauna wenyewe. Kumbe wenyewe wapo, walikuwa wanangoja tupige.

Wewe uliyeacha udi au gitaa lako baada ya kuhama, umekwama wapi? Mwaga hapa chini, tusikie.

Mablanketi mke wangu ameyatafutia mahali pengine.