Mzamiaji na Kasa Aliyeelea

Pale kwenye hifadhi ya bahari walimwita Chunusi, kama yule jini wa majini, naye akaitika. Wenzake walisema binadamu wa kawaida hawezi kukaa chini ya maji muda wote ule akihesabu samaki, kisha akaibuka anatabasamu. Alikuwa mzamiaji wa kituo cha utafiti tangu usichana wake. Mumewe, fundi cherehani, alizoea kutania kwamba ameoa mtu asiyejua kutembea nchi kavu.

Kisha sikio la kushoto likapasuka. Alishuka akiwa na mafua, akapuuza maumivu, akapandishwa botini damu ikimchuruzika shingoni. Daktari hakumficha: "Ukizama tena, unaweza usisikie kabisa. Na si ajabu ukapoteza zaidi ya hapo."

Akawa mtu wa kujifungia chumbani. Vazi la kuzamia alilitundika nyuma ya mlango, halafu akaliondoa, akalisukuma chini ya kitanda asilione. Mama mkwe akimwita kula, anasema ameshiba. Ameshiba nini, hakuna aliyejua.

Ndipo mtafiti mkuu, mama mmoja mfupi asiye na maneno mengi, akaja nyumbani.

"Tumeletewa kasa," alisema. "Amemeza mfuko wa plastiki, hewa imemjaa tumboni, hawezi kuzama. Anaelea kama boya. Nataka umlee wewe."

"Mimi mzamiaji, si yaya."

"Mzamiaji nimeshampoteza. Wewe sitaki kukupoteza."

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, akimwambia mgeni: "Mchukue, mwanangu. Hapa ananuna mpaka sufuria zinamwogopa."

Kesho yake akaenda, uso kaukunja. Kasa alikuwa kwenye tangi la saruji, gamba limekauka kwa jua, akipiga mapezi bila kwenda popote. Chunusi akampaka mafuta, akamfunika gamba kwa kitambaa kibichi, akamkatia ngisi vipande vidogo vidogo. Shukrani yake ilikuwa kung'atwa kidole.

Mumewe akamfunga bandeji. "Naye kanuna," alisema. "Mmepatana."

Wiki zikapita. Plastiki ikawa inatoka kidogo kidogo kwenye kinyesi, Chunusi akivipokea vile vipande kama mkunga. Asubuhi moja akafika, akakuta juu ya maji hakuna kitu. Alidhani kasa amekufa, wameshamtoa. Alipoinama ndipo akamwona: yuko chini kabisa, kando ya bomba, amelala. Chunusi akakaa ukingoni, akalia kilio kilichokuwa kimemkataa tangu hospitalini.

Siku ya kumrudisha baharini, wenzake walimbeba hadi ufukweni. Chunusi akaingia naye mpaka maji ya kiuno, akamwachia. Kasa akapiga mapezi, akazama, akaenda zake.

"Hata kugeuka hakugeuka," mumewe alilalamika. "Hana shukrani."

"Angegeuka ningemfuata."

Chunusi hakuzama tena. Matangi yakaongezwa, na wagonjwa wote wa baharini wakawa wake. Kituoni wamejifunza kusimama upande wake wa kulia. Anayesahau huuliza habari za dawa akajibiwa habari za ngisi. Anacheka sana siku hizi, na kula anakula. Ila wenzake wakianza kuvaa mitungi yao ya hewa, yeye huingia stoo kupanga ndoo ambazo zimeshapangwa, akatulia humo mpaka mlio wa boti upotee.