Upepo na Mlango wa Bafu

Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mhudumu wa hoteli, na kwa wepesi wake baina ya meza wenzake walimbandika jina la Upepo. Aligeuka kwa kisigino kimoja, sinia la vikombe begani, na chai isidondoke hata tone. Miguu ilipoanza kuburutika walimtania, "Leo upepo umetulia!" Alicheka nao. Kisha mkono ukaanza kutetemeka, vikombe vikagongana mbele ya wageni, utani ukaisha. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson: dawa ya kuutuliza ipo, ya kuuponya haipo.

Kilichomtesa zaidi ni milango. Sebuleni alitembea, lakini akifika mlango wa bafu nyayo ziliganda sakafuni. Kichwa kinasema twende, miguu haisikii la mwadhini wala la mteka maji.

Dada mmoja wa mazoezi ya viungo, kutoka hospitali, alikuja nyumbani akabandika vipande vya utepe mwekundu sakafuni, hatua kwa hatua, hadi ndani ya bafu.

"Mzee, usiwaze kutembea. Waza kuvuka mstari. Yumba kushoto, yumba kulia, inua goti." Akamgeukia mkewe. "Nawe mama, akiganda usimvute. Mwache atulie kwanza."

Wiki sita walifanya hivyo asubuhi na jioni. Upepo akafika getini, akarudi. Mkewe alimpigia simu binti yao, akampa habari kwa furaha.

Kisha ikaja asubuhi moja, dawa haijashika, haja imembana. Akaganda mlangoni. Mkewe akaona mkojo ukimtiririka mumewe miguuni, na huruma ikamsahaulisha alichoambiwa. Akamvuta mkono. Wakaanguka wote wawili, mke chini, mume juu, na kifundo cha mkono wa mke kikalia kama kijiti kikavu.

"Niache hapahapa," alisema Upepo, uso sakafuni kwenye mkojo wake mwenyewe. "Nimekuwa mzigo."

"Mzigo hauongei," mkewe alijibu akisaga meno. "Nyamaza, tuinuke."

Kuinuka kuliwachukua karibu saa nzima.

Mkono ukafungwa plasta. Binti akahamia kwao ili awapikie, amfunge baba vifungo vya shati. Upepo akagoma kutoka kitini. Dada wa mazoezi aliporudi, mzee alimuuliza, "Haya mazoezi yako yamenisaidia nini?"

Dada hakumdanganya. "Ugonjwa utaendelea, mzee. Lakini ukikaa tu, hata hizi hatua chache zitakwisha mapema."

Siku tatu Upepo alibaki kitini. Ya nne akaomba ainuliwe. Mkewe alisimama ndani ya bafu, mkono wenye plasta kifuani, asimguse.

"Yumba, baba watoto. Vuka mstari."

Aliyumba. Mguu wa kulia ukavuka. Wa kushoto ukabaki nje, haubanduki. Akasimama hivyo, nusu ndani nusu nje, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

"Tena," alisema mkewe. "Yumba kwanza."