Kishimo cha Sebuleni

Fundi rangi huyu kulipua kazi hajui. Kwanza anakwangua ukuta mpaka chini, anaziba nyufa, ndipo apake. Kwa hiyo mama yake alipomwita apake sebule waliyokulia, alikwangua rangi ya krimu, akakwangua ya bluu, akafika kwenye kishimo kilichozibwa kwa saruji, usawa wa bega lake. Akaibandua saruji, kishimo kikabaki wazi.

Siku kishimo kile kilipotokea alikuwa na miaka mitano, amejibanza chini ya meza. Aliona miguu tu: ya baba, ya mama, ya kaka yake. Mara miguu ya kaka ikatoweka. Kakimbia, mwoga yule, katuacha. Kinyongo hicho amekilea miaka thelathini mpaka kimenenepa.

Basi akachukua mkaa, akachora ukuta mzima: baba na mkanda, mama kaanguka, kigoda kimerushwa pale penye kishimo. Mlangoni, mgongo wa mtoto anayetoroka. Picha ilitisha, nakwambia. Ungeiona ungejikinga uso.

Kaka mtu, dereva wa lori, aliingia mchana akaiona. Alinyakua ndoo ya rangi nyeupe.

"Sogea niufute huu uongo."

"Kukimbia ulijua. Leo umejifunza na kufuta?"

Ngumi ikatua mdomoni, jino likalegea. Fundi naye hakulaza damu. Alimchana nyusi kwa skrepa yake ya kukwangulia. Wakabiringishana, mguu wa meza ukavunjika, damu ikatapakaa sakafuni. Kaka akawa juu, anamkaba mdogo wake koo huku analia.

Mama alitoka jikoni. Aliupinda mkono wa mkubwa mpaka ukaachia, kisha akaenda ukutani akakifuta kigoda kwa upindo wa gauni.

"Hakuna kigoda kilichorushwa," akasema. "Huyu alisimama mbele yangu nisipigwe. Baba yenu akamnyanyua kwa shingo, akambamiza hapa. Hiki ni kichwa chake."

Fundi akalitazama sikio la kaka yake lisilosikia, lile alilomtania nalo maisha yote. Aibu ikamkaba kuliko ile mikono.

"Mbona hukuniambia?" akamwuliza kaka yake.

"Hukuniuliza."

Fundi akamfuta mtoto wa mlangoni kwa kiganja. Akajaribu kumchora upya pale kishimoni, mkono ukakataa.

Kaka akainuka, damu bado inamchuruzika. Akaegemea ukuta, akakunja magoti kidogo, mpaka kisogo kikaingia kishimoni.

"Chora basi," akasema.