Bolti Iliyokazwa Hewani

Watu walimwita Bwana Taratibu, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Miaka thelathini alikuwa akilala chali chini ya magari ya mashindano, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta njiani. Sheria zake za kazi zilikuwa nyingi, na nyingine za kuudhi kabisa, lakini moja ndiyo iliyompa sifa: bolti ya mkono wa nyuma haikazwi gari likiwa hewani.

Maana yake ni hii. Gurudumu la nyuma la gari dogo hushikwa na mkono wa chuma, na mkono huo umeungwa kwenye bodi kwa bolti inayopita katikati ya bushi ya mpira. Ukiikaza gari likiwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia, na mpira unashikwa katika mkao huo huo. Ukishusha gari, mpira unajinyonga. Barabara ya lami itakusitiri, lakini kwenye changarawe kila jiwe litaurusha mkia wa gari, na mpira ukichanika, usukani unabaki pambo. Kwa hiyo yeye huiacha bolti imelegea, hushusha gari, hupakia viti vya mbele mifuko miwili ya mchanga, mmoja uzito wa dereva na mwingine wa msoma njia anayekaa kando yake, hukandamiza mkia mara tatu, ndipo hukaza. Mwisho huchora mstari mweupe wa rangi kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma. Mstari huo ukionekana, hakuna anayeuliza tena.

Dereva alikuwa binti yake, aliyeitwa Vumbi kwa sababu hilo ndilo alilowaachia waliomfuata. Msoma njia alikuwa mume wa Vumbi, mtu mkimya nyumbani, lakini ndani ya gari alitangaza kona kwa sauti ya mnadani.

Siku ya mashindano, baada ya mzunguko wa kwanza, shokapu ya nyuma kulia ilikuwa inavuja mafuta. Walikuwa na nusu saa ya kuibadilisha, kazi iliyodai kufungua bolti ya mkono, na nusu saa yote baba na binti waligombana.

"Baba, mkia unalala kwenye kona. Nifungie springi ngumu."

"Springi ngumu kwenye mawe? Si bora upande punda mwenye hasira!"

"Mimi ndiye ninayeliendesha."

"Na mimi ndiye ninayelifunga! Wewe shika usukani, huku chini ni kwangu."

"Tangu utotoni ni wimbo huo huo. Hata spana huniamini nayo."

Baba alimjibu, binti akamjibu tena, huku mkono wa baba ukikaza bolti kwa mazoea. Akachora mstari, akashusha gari, na wale wawili wakaondoka bila kuagana naye.

Alipokuwa anakusanya vifaa ndipo macho yake yakaangukia mifuko ya mchanga. Ilikuwa pale pale penye uzio alipoiweka asubuhi, na majani makavu yaliyopeperushwa na upepo yalikuwa yametulia juu yake. Hakuna aliyeigusa. Hasira hasara, wahenga walisema, na hasara yenyewe ilikuwa mwanawe wa pekee akielekea kwenye kilomita ishirini za mawe, nyuma ya mstari mweupe wa uongo.

Bwana Taratibu akakimbia. Waliomwona walidhani kuna moto.

Mahali pa kuanzia palizungushiwa kamba, na magari yalipanga foleni, moja likiachiwa kila dakika mbili. Mbele ya Vumbi yalikuwa magari sita. Msimamizi akamzuia kwa mkono.

"Mzee, ukiligusa gari hilo wameshatolewa. Hapa ni dereva na msoma njia tu, kwa vifaa walivyobeba."

Mafundi wengine walikuwa wamesimama hapo hapo, wale wale aliowakemea miaka yote kwa uzembe. Akameza mate, akaita kwa nguvu.

"Mwanangu! Bolti nimeikaza hewani!"

Mmoja akacheka. Vumbi hakucheka. Alitoka garini, kofia ngumu mkononi.

"Upande gani?"

"Kulia. Jitoeni, mama. Kosa ni langu."

"Niambie nianzie wapi."

Akamwambia. Mume akae kwenye kiti chake. Kiti cha dereva kibebe tairi la akiba, jeki na sanduku la vifaa.

"Vimefikia uzito wake?" fundi akauliza.

"Mzee, uzito wa mke wangu siutaji mbele ya watu," mkwe akajibu, akaongeza dumu la maji.

Vumbi alilala vumbini, mkono ukapotea mbele ya gurudumu. Fundi aliishika kamba hadi vidole vikamuuma. Alikuwa anaogopa, na hakujaribu kuficha.

"Imelegea?"

"Imelegea."

"Kandamiza mkia mara tatu. Kwa uzito wako wote! Sasa kaza mpaka mkono ugome, kisha robo mzunguko."

Yalibaki magari mawili. Vumbi akanyoosha mkono dirishani, mumewe akampa kitu, akarudi chini kidogo, kisha akainuka akijipangusa.

"Tayari."

"Una hakika?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Vumbi akaanza kuondoa tairi na vifaa kitini mwake. Baba angetoa chochote apitishe mkono chini pale, aiguse bolti mwenyewe. Neno moja kwa msimamizi, na gari lisingeondoka.

"Nina hakika, baba."

Akaiachia kamba. Bendera ikashuka, mawe yakaruka, gari likapanda kilima na sauti yake ikapotea.

Dakika kumi na sita alikaa juu ya mfuko mmoja wa mchanga. Kila aliyepita na redio, fundi alimtazama usoni kabla hajasema neno. Hatimaye gari likaingia uwanjani, limefunikwa na vumbi, magurudumu yote manne mahali pake. Fundi aliliinua kwa jeki, akaweka vyuma vya kulishikilia, akaingia chini na spana.

Akaifuta bolti kwa kidole gumba. Mstari wake mweupe ulikuwa umekatika vipande viwili. Kando yake palikuwa na mwingine, mwekundu, wa kalamu nene ya msoma njia, umetoka kwenye bolti hadi kwenye chuma bila kupinda.

"Hukagui, baba?" Vumbi aliuliza akiwa amesimama.

Aliiangalia spana, akairudisha mfukoni.

"Mkia bado unalala kwenye kona?"

"Unalala."

"Basi njoo huku chini tuone hiyo springi yako," akasema, akajisogeza pembeni kumpa nafasi.