Rejeta ya Sebuleni Siku ya Posa ya Dada

Hii aibu Igamba nzima wanaijua (na Tunduma, na Nakonde ng'ambo ya mpaka, Zambia), kwa hiyo bora niiandike mwenyewe kuliko kuisikia imeongezwa chumvi.

Kaka yetu anafanya kazi Ulaya. Alipowajengea wazazi nyumba akasema baridi ya Mbozi mwezi wa saba haina tofauti na ya huko, akaleta rejeta, yaani yale machuma ya ukutani yanayopitishiwa maji ya moto kutoka kwenye tangi linalochomwa kuni nyuma ya jiko. Majirani walikuwa wanakuja kuyashika tu.

Sasa siku wanakuja kumposa Dada Rehema, rejeta ya sebuleni ikagoma. Vyumbani joto safi, sebuleni barafu, ukilishika lile chuma chini vuguvugu, juu baridi. Na Dada kamsubiri yule kijana tangu wakiwa chuo, na watu wa kwao wanajulikana kwa kununa, kitu kidogo tu wanaondoka bila kuaga. Nikamuuliza kaka, akanitumia sauti ndefu: "Ni hewa imejaa juu, kuna kiskrubu pembeni, kifungue…" Hapo nikaona nimeshaelewa, nikazima.

Maana mimi nimeuza chai kwenye foleni ya malori Tunduma, utanifundisha nini kuhusu rejeta? Matingo wote, wale wasaidizi wa madereva, wanajua, rejeta ya lori ikiwa ya moto haifunguliwi, itakuunguza uso, unasubiri ipoe. Hii ilikuwa baridi. Basi salama! (Nilijiona mhandisi kabisa.)

Wageni walishaingia. Wageni wa posa hawanywi hata chai kabla hawajasema kilichowaleta, na kulalamika ni mwiko, kwa hiyo wamekaa kimya na makoti yao, wanasugua mikono.

"We Eliza, acha, fundi yuko njiani," Mama akaninong'oneza.

"Mama, sasa hivi tu."

Nikazungusha bisibisi. Psssss. Shangazi wa bwana harusi, aliyetoka Nakonde, alikuwa kakaa pembeni kabisa ya rejeta.

"Mwanangu, hiyo si gesi?"

"Hapana shangazi, hewa tu."

Hewa ikawa inatoka kwa mwendo wa kobe, nami uvumilivu sina, nikazungusha tena, nikazungusha tena, skrubu ikachomoka ikapotelea chini ya kochi na maji yakaruka, meusi kama oili chafu, nikaziba kwa kidole gumba, kumbe ndiyo nimeharibu, yakatawanyika kama feni, shangazi kifuani, mshenga usoni, Baba kwenye suti.

"Mayo we!" shangazi akapiga yowe.

"Ziba! Ziba!" Baba naye.

"Nimeziba, Baba!"

Ndipo Dada akatoka chumbani mbio, yeye ambaye hakutakiwa kuonekana mpaka aitwe, ana kipande cha sabuni ya mche mkononi, akakishindilia kwenye tundu. Maji yakakata. Shangazi anachuruzika, Dada kasimama katikati ya wakwe zake na mikono myeusi, nikajua posa ya dada yangu nimeiharibu kwa sababu ya hewa.

Mama akamshika shangazi mkono, wakaingia chumbani, shangazi akatoka kavaa kitenge cha Dada na sweta lake. Sebule imelowa, moto uko jikoni peke yake, basi wazee wazima na suti zao wakaenda kukaa kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa, magoti yanagusana.

Mshenga akajifuta uso, akakohoa.

"Mzee mwenzangu, sisi hatujafungua mdomo, lakini ninyi mmeshamvika mtu wetu. Sasa tunarudije nyumbani na nguo ya watu?"

Shangazi akacheka mpaka kigoda kikalia.

"Mimi sivui! Na huyu aliyeziba tundu ndiye mwenyewe? Semeni haraka, tumchukue. Mdogo mtu abaki."

Jiko zima likaangua kicheko, chai ikanyweka kabla ya hotuba, na kabla kuni hazijaisha walishapatana. Kununa? Walituaga mara tatu tatu! Dada alinibana ukutani kunigombeza, akashindwa, akaishia kunikumbatia na zile oili zake.

Fundi alipofika ilikuwa kazi ndogo: skrubu inalegezwa kidogo tu, hewa ikiisha na maji yakichungulia unafunga.

Juzi shangazi kanialika kwake Nakonde kabla ya harusi, kwa sharti moja, nisisogelee jenereta lao. Nimekubali. Nimeapa kitu chochote chenye skrubu nitakitazama kwa macho tu, mikono mgongoni, hata kama kinawaka moto.