Hatamu Nilizozipaka Mawese

Kosa ni langu lote, na kwa mara ya kwanza maishani siombi nipunguziwe.

Nauza mawese sokoni Ujiji. Wanaonijua wanasema naweza kubishana bei hata na mtu anayenipa kitu bure. Sikatai. Tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mwaka jana nilianza kujifunza kupanda farasi. Ndiyo, farasi, hapa hapa Kigoma, mama mzima mwenye watoto! Kuna mzee wa Simbo aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mabanda ya farasi huko Arusha, akarudi nyumbani na farasi wawili wa makamo. Sisi wanafunzi wake tunamwita Mwalimu. Siku nilipompelekea mawese nilimkuta binti mmoja anamzungusha farasi uani bila fimbo wala kelele. Nikatamani na mimi.

Binti huyo ni Espe. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, wanalima pale pale Simbo. Alikuwa anafika asubuhi kabla ya kwenda shamba, anawasugua farasi, anawasafisha kwato, halafu ndipo anapanda. Mimi nilifika nikiwa nimechelewa na kuondoka mapema, na bado alinifundisha kwa moyo.

“Dada, legeza hatamu,” aliniambia siku ya kwanza. “Huyo si mbuzi wa mnadani.”

Basi Mwalimu akaandaa maonyesho yetu ya kwanza, kiwanjani Bangwe, karibu na ziwa. Wanaoanza kama sisi tungezunguka mapipa, tukimbie mwendo wa taratibu, turuke ufito mmoja wa chini. Nilizihesabu zile fito mara mbili kuhakikisha kweli ni mmoja. Mgeni mmoja mwenye shule ya farasi Arusha angekuja kuamua, na akiona anayefaa angemchukua akafanye kazi kwake, alale huko, alipwe. Kila mtu alijua anayefaa ni Espe. Amemaliza kidato cha nne, na nyumbani hakuna kinachomsubiri ila jembe.

Siku moja kabla, Mwalimu akanipa hela nikanunue mafuta ya ngozi mjini. Hatamu zilikuwa zimekauka, zinapasuka. Duka lenyewe ni moja tu, na mwenyewe hashushi bei. Nikatoka polepole, kama tunavyofanya, nikisubiri kuitwa.

Hakuniita!

Kurudi nikaona aibu. Nikawaza, mafuta ni mafuta, na ya kwangu yamejaa ndoo. Nikazipaka hatamu mawese mpaka zikang’aa, nikazifuta kwa gunia. Ngozi ya kahawia ikaumeza ule wekundu. Tandiko sikuligusa, nikiogopa kuchafua suruali yangu. Ona akili hiyo! Suruali nilikumbuka. Harufu haikunitisha, maana Kigoma nzima inanuka mawese. Mwalimu nikamrudishia chenji, nikamwambia nimepata ya nafuu. Akanisifu.

Nyinyi mnaopika mnajua tabia ya mawese. Asubuhi, kukiwa na ubaridi, yanaganda. Nilipanda wa kwanza, hatamu zimetulia mkononi kama kamba kavu. Ufito nikauruka, kwa maana ya kwamba farasi aliuruka na mimi nilikuwepo. Mgeni akanifunga utepe kifuani, zawadi ya vifaa safi.

Zamu ya Espe ilifika jua likiwa la utosini. Farasi ni yule yule, hatamu ni zile zile.

Alianza vizuri mno, watu wakasimama kumtazama. Alipoukaribia ufito, farasi akatikisa kichwa, kama anavyofanya siku zote. Hatamu zikateleza, zikamtoka Espe mikononi. Farasi akakata kona kuelekea majini, na yeye akaanguka chini, akaumia kifundo cha mkono.

Tulimkimbilia. Akakaa, akatazama viganja vyake, akavinusa. Kisha akaniangalia mimi.

Alikuwa ananisubiri niseme mimi.

Nikarekebisha utepe wangu.

Mgeni alimwambia Mwalimu, sote tukisikia, kwamba binti ana hofu na mikono yake inatoka jasho, hafai kukabidhiwa farasi wa watu. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha! Mdomo huu unaobishana kuanzia soko linapofunguliwa mpaka linapofungwa, siku hiyo ulikosa la kusema.

Niliungama wiki iliyofuata, baada ya Espe kuacha kuja bandani. Mwalimu akampigia simu mgeni papo hapo. Nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Akaiweka simu mfukoni, akaendelea kumsugua farasi.

“Ungesema pale uwanjani, tungeyalaumu mafuta,” alisema. “Sasa mafuta hayana kosa.”

Nilikwenda kwa kina Espe kuomba radhi. Mama yake akaniambia yuko shamba. Niliporudi tena nikaambiwa yuko shamba. Jembe lake nililiona limeegemezwa mlangoni.

Juzi alikuja mwenyewe kwenye meza yangu, katumwa mawese na mama yake. Zamani, kwa chupa moja tu, tungebishana mpaka majirani wacheke, ananiita mnyang’anyi, namwita mkimbizi wa bei, na mwisho namwongezea. Safari hii aliniamkia tu, “Shikamoo dada.” Nikamtajia bei. Nikaipandisha makusudi, ili abishe.

Akalipa. Nyongeza hakuomba. Nilipommiminia, akaipokea chupa kwa mkono ule mzima, akaenda zake.

Ndugu msomaji, ukiharibu kitu cha watu, sema hapo hapo, kabla hawajamaliza kumwokota aliyeanguka. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo mkononi, nikashika utepe.